Ukitokwa na usaha njia ya mkojo: la kufanya kabla hujaenda duka la dawa

Nimeuza dawa Ngamiani, Tanga, miaka mingi, na mteja wa aina hii nilimjua kabla hajafungua mdomo. Anakuja baada ya Isha. Anaegesha baiskeli ng'ambo ya barabara, anasubiri kina mama waliofuata dawa za watoto wamalize shida zao. Akibaki peke yake ananunua vidonge viwili vya maumivu, analipa, lakini haondoki. Ndipo anainama kaunta na kusema kwa sauti ya chini: "Dokta, una dawa ya UTI? Si yangu, ya mshikaji wangu."

Mimi si daktari. Na dawa ilikuwa yake.

Wengi niliwauzia, na hilo linaniuma mpaka leo. Huyu vidonge sita, yule vinne, kwa kadiri ya hela iliyokuwa mfukoni. Siku ya tatu mtu anapita dukani uso umekunjuka: imekauka, ahsante sana. Miezi ikipita, mmoja anarudi korodani imevimba hawezi kupanda baiskeli. Mwingine nasikia mkewe amelazwa, tumbo la chini linamuua. Ule uchafu ulikuwa umekauka, ugonjwa haukuwa umepona. Nimeandika hapa maneno ambayo nilipaswa kumwambia kila mmoja wao usiku ule, kwa mpangilio wa kufuata.

1. Tazama vizuri, mara moja, kisha acha

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya haja ndogo ya kwanza. Simama penye mwanga. Tazama tundu la mkojo, tazama na nguo ya ndani uliyolalia. Kuna doa? Rangi gani: manjano, kijani, nyeupe, au maji maji tu? Ni zito au linavutika? Lina damu? Mkojo ukipita unachoma? Kuna kidonda, lengelenge, au uvimbe kwenye kinena? Ukishaona, nawa mikono kwa sabuni, maana mkono wenye usaha ukigusa jicho ugonjwa unaingia jichoni.

Basi, umeshaona. Usianze kujikamua kila ukiingia chooni ili uone kama bado kunatoka. Njia ya mkojo ikiminywa mara kwa mara inachubuka na kutoa majimaji hata pasipo ugonjwa, na nimewajua waliokaa wiki nzima wakijikagua hivyo mpaka hawalali.

Si kila kinachotoka ni maradhi. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulifundishwa tangu wadogo kutofautisha manii, madhi na wadi, na elimu ile ya tohara, yaani usafi wa ibada, inasaidia hapa. Madhi ni maji mepesi, maangavu, yanayonata, hutoka mtu akiwa na matamanio na hukoma matamanio yakipoa. Wadi ni majimaji mazito kidogo, meupe, yanayoweza kufuatia mkojo. Manii yanaweza kumtoka kijana usingizini. Yote haya hayachomi, hayanuki vibaya, na hayaachi doa la manjano siku baada ya siku. Asiyetahiriwa anaweza pia kukuta utando mweupe chini ya govi. Huo ni mafuta na ngozi iliyokufa, huondoka kwa kuoshwa na maji safi kila siku.

Kinachopaswa kukutoa nyumbani ni kile kinachotoka bila matamanio, kinachorudi baada ya kufutwa, au kinachokuja pamoja na kuchoma.

2. Hesabu siku, kumbuka na maji uliyoogea

Rudi nyuma kwenye kumbukumbu: mara ya mwisho kukutana kimwili ilikuwa lini, na ulitumia kondomu? Wavuvi wa Sahare na Tongoni nawaelewa wanaponihesabia kwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, na kwa siku za dago, yaani kambi ya uvuvi, badala ya tarehe. Hesabu hiyo inatosha, mweleze mtoa huduma hivyo hivyo.

Kisonono, ambacho vijana wanakiita gono, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 2 na 7. Usaha wake ni mwingi, mzito, wa manjano au kijani, na mkojo huchoma sana. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ni pole zaidi. Mara nyingi huchukua wiki 1 hadi 3, na kinachotoka ni kidogo, cheupe au maji maji, pengine tone moja la asubuhi linalonatisha mdomo wa tundu. Wanaume wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote. Lakini usijipimie kwa rangi ukaamua mwenyewe. Magonjwa haya mawili hupenda kukaa pamoja kwa mtu mmoja, na viko vijidudu vingine vinavyofanana navyo, kama trikomona. Kisonono na klamidia hupita pia kwa mdomo na kwa njia ya nyuma, basi ukiulizwa sema ukweli, kwa sababu pengine vipimo vinatakiwa kuchukuliwa huko pia.

Kuna mambo mengine ya mkoa wetu yanayochanganywa na kisonono. Damu inayotoka mwisho wa mkojo, kwa mtu anayeoga au kufanya kazi kwenye mito, mabwawa na madimbwi, inaweza kuwa kichocho. Kichocho hakipatikani baharini, kinatoka kwenye maji baridi yenye konokono. Ukipimwa, mkojo unaofaa zaidi ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yake hutoka kwa wingi. Mkojo wote ukiwa mweupe kama tui, huo si usaha wa zinaa; minyoo wale wale wa matende na mabusha wanaweza kuuleta. Na mwanamume anayewashwa kichwa cha uume, chini ya govi kukiwa na utando kama maziwa ya mgando, akapona na kurudiwa tena na tena, apimwe sukari.

Mzee wa makamo anayepata homa, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mkojo unaokatika katika, tezi dume iangaliwe. Kwake pia kipimo kitangulie vidonge.

3. Yasiyosubiri kupambazuka

Korodani kuuma ghafla na kwa nguvu, hasa kwa kijana, pengine na kutapika. Inawezekana imejisokota na damu haifiki. Saa 6 za mwanzo ndizo za kuiokoa. Asikandwe maji moto, asiambiwe ni ngiri au busha akaachwa alale. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye upasuaji, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

Vivyo hivyo ukishindwa kabisa kukojoa. Au homa kali na kutetemeka pamoja na maumivu ya mbavuni. Au goti, kiwiko au kifundo kuvimba na kuwa cha moto siku chache baada ya usaha kuanza, kwa sababu kisonono kinaweza kuingia kwenye damu na kushukia viungo. Au jicho kujaa usaha: kisonono cha jicho kinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Au govi lililovutwa nyuma likakwama na kichwa kuvimba.

Mtoto wa kiume ambaye hajabalehe akitokwa na usaha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwogeshe wala kufua nguo zake kwanza. Huenda kuna mtu amemfanyia ubaya. Daktari na polisi wa dawati la jinsia na watoto wanahitaji kumkuta alivyo.

Na kama mlikutana na mtu usiyejua hali yake ndani ya siku 3 zilizopita, fika ukaulize dawa za kuzuia VVU. Zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na humezwa siku 28.

4. Usianzie dukani

Hapa naomba unisikilize sana, maana nilikuwa upande wa pili wa dirisha.

Muuza dawa hawezi kukupima. Anakuangalia usoni, anasikia "UTI", anakupa anachojua kinauzika. Zamani ilikuwa kapsuli za rangi mbili, baadaye ikawa sipro, yaani siprofloksasini. Penisilini iliwahi kumaliza kisonono kwa sindano moja. Mwaka 1976 vikagunduliwa vijidudu vyenye uwezo wa kuivunja. Sipro nayo ilifanya kazi kwa muda, kisha vijidudu vikaizoea, hata mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaacha kuipendekeza kwa kisonono kwa sababu ya usugu ulioenea. Hata hivyo mpaka leo mtu anaiomba kwa jina, kwa sababu ilimsaidia kaka yake mwaka fulani.

Tena anainunua nusu. Nilikuwa nikikata karatasi ya vidonge kwa mkasi, kichwa changu kikiwa kwenye chenji. Ile nusu inaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vikali, usaha unapungua, na mtu anarudi kwa mkewe akiamini amepona. Hata bila dawa yoyote usaha wa kisonono unaweza kufifia wenyewe baada ya wiki kadhaa huku vijidudu vikiendelea kukaa. Vikikaa, hupanda mpaka kwenye mirija ya korodani na vinaweza kuharibu uzazi. Vinaweza pia kuacha kovu ndani ya njia ya mkojo, na miaka baadaye mtu anasimama chooni dakika tano mkojo ukitoka kama uzi.

Usimeze mabaki ya dawa ya mwenzio. Usijioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, dawa ya vidonda wala sabuni kali, utachubua ngozi na usaha utoke kwa sababu nyingine. Mizizi na vikombe vya miti shamba pia viache kwanza. Sisemi hivi kwa kudharau wazee wetu. Nasema hivi kwa sababu siku unazozitumia kujaribu ndizo siku ugonjwa unapanda juu, na mkeo naye anazidi kuumia bila kujua.

5. Nenda, na ukifika sema hivi

Zahanati yoyote ya serikali au kituo cha afya inatosha kuanzia. Kwa walio mjini, Makorora, Ngamiani na Pongwe kuna vituo vya afya. Ukihofia kukutana na shemeji kwenye benchi, hakuna ubaya kupanda daladala mpaka kata nyingine. Muhimu ni kwamba umeenda.

Nenda asubuhi, na jitahidi usikojoe kwa saa moja au mbili kabla ya kuonwa. Mkojo husafisha njia, na daktari hataona kitu. Usipake chochote. Kama umeshameza dawa, beba karatasi au boksi lake.

Pale mapokezi hulazimiki kutangaza. Wakikuuliza unaumwa nini mbele ya watu, sema tu, "Nina shida ya njia ya mkojo, naomba kumwona daktari." Ukiingia chumbani mlango ukafungwa, hapo ndipo pa kusema yote: "Natokwa na usaha tangu siku fulani, mkojo unachoma, nilikutana na mtu siku fulani bila kondomu, nilimeza dawa fulani." Ukiwa mwanamume na ukimkuta daktari ni dada mdogo, usirudi nyumbani. Ameshawaona wengi wiki hiyo. Kama unaona haya sana, omba mhudumu wa kiume. Ukimpata sawa, usipompata eleza hivyo hivyo.

Atakutazama, atakubonyeza kinena na korodani, pengine atakuomba uvute govi nyuma. Mahali penye maabara anaweza kuchukua majimaji kwa kijiti chembamba chenye pamba, kinachoingia kidogo tu kwenye tundu. Kinauma kwa sekunde chache. Mahali pengi watakutibu kwa dalili bila kungoja majibu, yaani utapewa dawa ya kisonono na ya klamidia kwa pamoja. Huo ndio utaratibu, hawajakubahatishia. Kwa kawaida ni sindano ya seftriaksoni, pamoja na doksisaiklini ya siku 7 au azithromaisini ya kumeza mara moja. Kiasi gani, atakwambia yeye kwa kuangalia hali yako na mzio wako. Kama sindano ya penisilini iliwahi kukuletea vipele au kubanwa pumzi, taja kabla sindano haijavutwa.

Kubali kupimwa VVU na kaswende siku hiyo hiyo. Usaha kwenye njia ya mkojo huongeza uwezekano wa kupata VVU na wa kuambukiza. Majibu yakiwa safi, uliza tarehe ya kurudia, maana maambukizi mapya sana huenda yasionekane mara ya kwanza.

6. Dozi

Ukipewa doksisaiklini, meza na chakula na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale mara baada ya kumeza. Kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Maziwa na vidonge vya kuongeza damu visiende pamoja nayo. Dawa hii inafanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mvuvi, dereva wa bodaboda, mtu wa mashamba ya mkonge: vaa shati la mikono mirefu na kofia siku zote 7.

Usaha unaweza kuisha siku ya pili. Endelea mpaka kidonge cha mwisho. Na kama kesho unakwenda dago, mwambie daktari kabla hujaondoka, aone kama anaweza kukupa dawa ya kumeza mara moja pale pale.

7. Mwenza

Hapa ndipo wanaume wengi walinikimbia, hata wale waliokubali kwenda zahanati. Anatibiwa, anapona, anarudi kwa mke ambaye hajatibiwa, na baada ya wiki mbili yuko dirishani kwangu analalamika dawa ni feki.

Wote uliokutana nao kwa miezi miwili au mitatu iliyopita wanatakiwa kutibiwa, hata wasipoumwa popote. Mwanamke mara nyingi haoni dalili, huku ugonjwa ukipanda kwenye kizazi na mirija, ukaleta utasa au mimba kutunga nje ya kizazi. Akiwa mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa macho yakajaa usaha. Mwenye wake wawili, watibiwe wote wawili pamoja naye. Kituo kinaweza kukupa kadi ya kumwita mwenza: anaipeleka kituo chochote, wanajua cha kufanya bila yeye kueleza mambo yako.

Maneno ni magumu kupatikana, nakupa haya niliyomwandikia mteja mmoja nyuma ya risiti, naye akaniambia aliyasema kama yalivyo: "Mke wangu, nimekutwa na maambukizi njia ya mkojo. Nimeanza dawa. Daktari amesema na wewe utibiwe hata kama huumwi, la sivyo tutaambukizana tena. Kesho twende wote." Akikuuliza ulikotoa, usimjibu kwa uongo wa choo cha stendi ya Kange. Kisonono na klamidia havipatikani kwa kukalia choo. Wala wewe usikimbilie kumtuhumu. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi kimya, kwa hiyo kipimo cha leo hakisemi nani aliileta wala lini. Nimeona ndoa ikivunjika kwa hesabu ya namna hiyo, watoto wakagawanywa Muheza na Pangani. Tibiweni kwanza, mazungumzo mengine yafuate mkiwa wazima.

Akiwa na mimba au ananyonyesha, asigawane vidonge vyako. Doksisaiklini haimfai mjamzito, naye atapewa dawa yake.

Msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite tangu wa mwisho wenu kupata sindano au dawa ya mara moja, au mpaka aliyepewa dozi ya siku 7 aimalize, na dalili ziwe zimekwisha. Mkishindwa, basi kondomu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

8. Siku ya saba

Rudi. Uwe umepona au hujapona, rudi na kadi yako. Usaha ukiwa bado unatoka, daktari ataanza na maswali mawili: ulimaliza dawa, na mwenza alitibiwa? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, sasa anajua pengine ni trikomona au kijidudu kingine ambacho dawa za kwanza hazikigusi, au kisonono sugu kinachohitaji kuoteshwa maabara ili ijulikane dawa ipi itakiweza. Akikuandikia rufaa ya Bombo, iende siku hiyo. Usiikunje ukaitia mfukoni, ukapitia kwanza kwa muuza dawa.